Ati kwetu usingelala? Jibu kwa binamu kuhusu mkebe na reli

Huku Stockholm ni kiangazi, saa nne ya usiku bado kuna mwanga, watoto hawataki kulala na wakubwa pia. Leo lakini sikuja na habari za hali ya hewa. Nimekuja na ubishi.

Juzi nilituma picha kwenye kundi la familia. Mnaikumbuka: mimi nimechuchumaa msituni, mkononi nina mkebe wa plastiki, nyuma yangu inaonekana reli. Mkacheka sana. Shangazi akauliza kama nimeishiwa na kazi za maana. Mjomba akaandika, "Mbeba boksi kapewa likizo, kaenda porini kutafuta boksi!" Hiyo mjomba nimecheka mpaka machozi, nakupa maksi zote. Halafu binamu akaandika hivi: "Wenzetu waaminifu bwana. Kwetu mkebe huo usingelala." Na watu kumi na mmoja, nimewahesabu, wakaweka dole gumba.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Kwenye kundi sikujibu kwa sababu jibu ni refu. Jibu ni hili hapa.

Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe, maana wengine mlidhani nachimba dawa. Unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha mkebe mahali, anapima mahali hapo kwa GPS, kisha anaziweka namba za mahali hapo kwenye mtandao. Wewe unachukua simu yako, unafuata namba mpaka unafika, halafu unaanza kupapasa: chini ya kisiki, nyuma ya jiwe, kwenye tundu la ukuta wa mawe. Ukiupata unaufungua, unaandika jina na tarehe kwenye kikaratasi kilichomo ndani, unaurudisha ULE ULE MAHALI PALE PALE, unaondoka. Mkebe mwingine ni mdogo kama ncha ya kidole. Mwingine ni mkubwa, una vitu ndani: vifungo, sarafu, vigari vya watoto. Ukichukua kimoja unaacha kingine chenye thamani hiyo hiyo au zaidi. Basi. Hakuna zawadi wala kombe. Ni kombolela tu, ila anayejificha ni mkebe.

Mchezo ulianzia Marekani. Zamani serikali ya huko ilikuwa inayavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia ili wasipate vipimo sahihi. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Clinton akaamuru uvurugaji ule uzimwe. Haikuchukua hata siku mbili, tarehe 3 Mei 2000 jamaa mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo msituni katika jimbo la Oregon. Ndani ya ndoo kulikuwa na vitabu, vikorokoro na kopo la maharage! Leo ipo mikebe zaidi ya milioni 3 duniani.

Sasa mahali penyewe. Kutoka Stockholm unapanda treni kwenda Uppsala, kama dakika 40 hivi. Nyuma ya stesheni kubwa ya Uppsala kuna stesheni ndogo ya zamani. Hapo ndipo inapoanzia reli inayoitwa Lennakatten, yaani Paka wa Lenna. Ina urefu wa kilomita 33, inapita mashamba na misitu mpaka kijiji cha Faringe. Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1876. Kiangazi unakuta kichwa cha mvuke kinapumua, mabehewa ya mbao yamepakwa rangi yanang'aa, kondakta kavaa kofia na koti la kizamani anatoboa tiketi. Upana wa reli ni milimita 891 tu. Nawaomba mkumbuke namba hiyo. Reli yetu ya Tanga ni milimita 1,000. Kwa hiyo hii inayotunzwa kama yai ni NYEMBAMBA kuliko ile aliyoifanyia kazi babu.

Tulishuka Marielund, kando ya ziwa, tukanywa kahawa na maandazi ya mdalasini, kisha tukatembea. Si juu ya reli, hilo ni kosa kisheria. Unatembea vijia vya msituni na barabara za changarawe zilizo karibu, mara reli iko kulia, mara unaivuka kwenye kivuko, mara inapotea nyuma ya misonobari na unasikia honi tu. Tulipata mikebe minne. Kwenye karatasi ya mmojawapo kulikuwa na majina ya watu waliopita pale miaka na miaka, Waswidi, Wajerumani, Waholanzi. Sasa na sisi tumo. Mwanangu wa miaka tisa kaandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko wote.

Haya binamu, sasa tubishane.

Unasema wenzetu ni waaminifu. Wenzetu gani? Mikebe huku huibiwa. Huvunjwa, hutupwa, hupigwa teke na walevi. Wachezaji wameshazoea kiasi kwamba wana neno maalumu kwa mkebe ulioporwa na mtu asiyeujua mchezo. Nenda stesheni yoyote ya Uppsala au Stockholm uone baiskeli, kila moja ina kufuli nene kama mkono wa mtoto. Unadhani kufuli zile wamewekeana za nini, mapambo? Na kama unadhani Mzungu haibi reli, jua kwamba Uswidi imehangaika miaka mingi na wezi wa nyaya za shaba kwenye njia za treni. Wanakata usiku, asubuhi treni zinasimama, abiria tunabaki kwenye jukwaa tunapigwa baridi. Huko Uingereza nako, mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, mtu alimwona mtu akifichaficha kitu barabarani, polisi wakaitwa, wanajeshi wakaja wakakilipua. Kilikuwa mkebe wa mchezo. Hao ndio waaminifu wako, hata wao kwa wao hawaaminiani.

Tena nikwambie jambo ambalo picha haikuonyesha. Mzungu akipapasa chini ya benchi la stesheni, watu wanajua anacheza. Mimi nikipapasa, watu wanasimama. Siku hiyo hiyo mzee mmoja alisimama na mbwa wake akanitazama muda mrefu, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, natafuta nini. Nikamwonyesha simu. Akasema "jaha", ambayo kwa Kiswidi ni kama "kumbe", akaenda zake. Hakunitukana. Lakini sote wawili tulijua kwa nini aliuliza. Kichwani mwake mtu wa rangi yangu anayezungukazunguka karibu na reli ni mwizi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa binamu, hebu isome tena sentensi yako. "Kwetu usingelala." Umesema kitu kile kile alichokifikiri yule mzee. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na haya ya kutokisema. Wewe umekiandika mbele ya ukoo mzima, na kumi na mmoja wakakupigia makofi. Mimi huku nakula jasho kila siku kuthibitisha kwamba wizi hauko kwenye ngozi, halafu nyumbani kwangu mwenyewe mnanikatia tawi nililokalia?

Twende hoja ya pili, maana najua utahamia huko. Utasema, sawa, lakini wenzetu wanajua kutunza vya zamani. Sisi tumeiacha reli ikaota majani.

Uongo mwingine huo! Nchi hii ilikuwa na maelfu ya kilomita za reli nyembamba kama ile ya Lennakatten. Ziko wapi? Waling'oa. Magari na mabasi yalipoongezeka, hasa miaka ya 1950 na 1960, serikali yao ilifunga njia moja baada ya nyingine, chuma kikauzwa, matuta yakaachwa yaote miti. Hakuna aliyelia kwa ajili ya historia. Hapa Stockholm imebaki Roslagsbanan, ambayo mimi huipanda kwenda kazini, na hiyo nayo ilinusurika kufungwa. Treni yake zamani ilikuwa inafika mpaka mji wa Rimbo. Mwaka 1981 kipande kile kikafungwa, na mpaka leo ukitaka kwenda Rimbo unapanda basi.

Na Lennakatten yenyewe? Treni zake za kawaida za abiria nazo zilisimamishwa. Kilichoiokoa si serikali, wala si damu ya Kiswidi. Ni chama cha watu wachache, wapenda reli, wakiwemo mafundi, walimu, wanafunzi na wastaafu. Mwaka 1974 wakaanza kuendesha treni zao humo. Mpaka leo kondakta, dereva, anayekata majani, anayepaka rangi, wengi wao hawalipwi kitu. Wikiendi wanakuja na ovaroli zao. Mmoja anamwagia mafuta magurudumu, mwingine anabadilisha taruma lililooza. Kesho yake anarudi kazini kwake benki. Wangekuwa wamekaa sebuleni wakiandikiana kwamba "Waswidi hatujui kutunza", leo pale kungekuwa na vichaka.

Sasa hoja ya tatu, na hii ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu mmeisahau ilhali ni ya nyumbani kwetu.

Babu alikuwa mtu wa genge. Wadogo hamjui genge ni nini, mnadhani ni la nyanya na vitunguu. Kwenye reli, genge ni kikosi. Njia nzima iligawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na genge lake na mnyapara wake. Asubuhi mtu anakitembea kipande chao kwa miguu, anakagua: msumari uliolegea, taruma lililopasuka, majani yaliyopanda, maji yaliyokula tuta usiku. Jioni kila kitu kimekazwa. Treni ikiyumba mahali, hakuna kuulizana. Watu walikuwa wanajua pale ni kwa nani.

Reli hiyo si mchezo, jamani. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Lakini Mjerumani alijenga (kwa mikono ya nani, mnajua), hakutunza. Waliotunza kwa miaka yote iliyofuata ni watu kama babu. Walikuwa Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wadigo na wengine waliotoka mbali. Walikuwa maskini kuliko wewe binamu. Hawakuwa na simu, hawakuwa na baiskeli. Na reli ilikuwa inang'aa. Sasa niambie: damu iliyokuwa inatunza reli kwa babu, ilipofika kwako iligeuka damu ya wizi?

Haikugeuka. Kilichobadilika ni kwamba magenge yalipungua, Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika mwaka 1977, matengenezo yakakosa fedha, kipande kikakosa mtu mwenye jina. Ikawa "mali ya umma". Na kwetu mali ya umma maana yake imekuwa mali isiyo na mtu. Treni za abiria kwenye njia ile zikasimama zaidi ya miaka 20, mpaka Desemba 2019 zilipofika tena Moshi, na Oktoba 2020 Arusha. Siku ile mlinitumia picha za watu wamejaa kando ya reli wakipunga mikono, wazee wanalia. Watu wasiojua kuthamini vyao ndio wanaolia wakiona treni? Hebu tuwe wakweli.

Najua mtasema, "Ni rahisi kusema ukiwa Stockholm umeshiba. Huku mtu anang'oa chuma auze apate unga." Njaa naiheshimu, sijasahau ladha yake. Lakini taruma la chuma halibebwi mfukoni. Linahitaji watu wanne, gari, mzani na mnunuzi. Mwenye njaa anapata hela ya unga wa siku mbili, mwenye mzani anajenga ghorofa. Kenya, mwezi Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara nzima ya vyuma chakavu kwa muda, baada ya nguzo za umeme na mali nyingine za umma kuhujumiwa. Maana yake hata serikali inajua tatizo liko kwa mnunuzi. Kwa hiyo tukitaka kumlaani mtu, tuanze na mwenye mzani, tusiilaani "Afrika" nzima.

Basi kama si damu, ni nini kinachoufanya mkebe ulale, ulale mwaka, ulale miaka kumi? Nimelifikiria sana hili nikiwa natembea. Ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja cha Kizungu.

Cha kwanza ni NJIA. Huku ipo haki wanayoiita allemansrätten, haki ya kila mtu. Imeingizwa mpaka kwenye katiba yao mwaka 1994. Msitu unaweza kuwa wa mtu binafsi, lakini mimi mpita njia naruhusiwa kutembea humo, kuchuma matunda pori, hata kupiga hema usiku mmoja, mradi nisimkaribie mtu nyumbani kwake, nisiharibu mazao, nisiache taka. Mtu unayemruhusu kupita anakuwa jicho lako. Kwetu tumezoea vibao vya HAKUNA NJIA na MBWA MKALI. Tukifukuza kila mpita njia, anayebaki kupita ni yule anayekuja usiku.

Cha pili ni DAFTARI. Kile kikaratasi chenye majina ndani ya mkebe ndicho kinachoulinda. Aliyeandika jina lake hapo anaona haya kuuharibu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakusubiri GPS ije kuwafundisha.

Ndugu zangu wa Unguja, nanyi msikae pembeni mkicheka. Ninyi mlikuwa na treni! Ilianza mwaka 1905, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikawa inatoka Mji Mkongwe mpaka Bububu, kama maili 7. Mwaka 1922 ikaacha kubeba abiria. Leo nikimuuliza kijana wa Bububu ananiambia mji wao umeitwa hivyo kwa sababu ya mlio wa treni, bu-bu-bu. Hadithi tamu. Lakini Bi Salme binti Said, yule mtoto wa Sultani aliyekimbilia Ujerumani, aliitaja Bububu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya treni! Hayo ndiyo yanayotokea daftari likikosekana: treni inapotea, halafu hata hadithi yake inapinda.

Cha tatu ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho ni MLEZI. Kila mkebe una mwenyewe. Ukilowana, yeye ndiye anayekwenda kubadilisha karatasi. Ukipotea, yeye ndiye anayeweka mwingine au anayeufuta kwenye orodha. Asipofanya hivyo, wasimamizi wa mchezo wanauondoa. Ndiyo maana mikebe inadumu: hata huko Uswidi inaibiwa, lakini yupo wa KUURUDISHA. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mlezi ni mtu wa kuziba ufa. Babu na genge lake walikuwa hivyo hivyo kwa kipande chao. Huu si ustaarabu mpya niliouokota Ulaya. Ni ule ule wa genge, wamebadilisha nguo tu.

Na hapa nawageukia wenzangu tulio nje, tusije tukadhani ubishi huu ni wa watu wa nyumbani peke yao. Nilikuwa na wazo la kuja na mkebe Desemba, niuweke Sigi, niwaonyeshe. Nikasoma kanuni. Hairuhusiwi! Mkebe wa likizoni hawaukubali. Ukiuweka mahali unapokwenda kutembea tu, ukaondoka, hakuna wa kuutunza, kwa hiyo wanaukataa. Mlezi lazima awe mtu anayeweza kufika pale. Mimi naona kanuni hiyo ingebandikwa kwenye ukuta wa kila mtu anayeishi ughaibuni. Wangapi huku tunajenga kwa simu, tunashauri kwa simu, tunalaumu kwa simu? Pesa inatumwa kwa dakika moja, macho hayatumwi. Kitu cha Muheza kinataka mtu wa Muheza.

Kwa nini nimetaja Sigi? Wenyeji mnajua, ila wadogo hawajui. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na reli nyembamba iliyotoka Tengeni, kwenye njia ya Tanga, ikapanda mpaka Sigi chini ya milima ya Amani, kwa ajili ya mbao. Reli ile haipo tena. Lakini nyumba ya stesheni masta pale Sigi IPO. Haikuvunjwa ikauzwa matofali. Ilikarabatiwa ikawa mahali pa kupokelea wageni wa Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Nani anayeilinda usiku? Ni watu wetu. Nyumba imelala pale zaidi ya miaka mia moja, binamu. Wewe unasema mkebe usingelala siku moja.

Na mwanangu, siku ile tukiwa njiani, kaniuliza swali. Anavijua vituo vyote vya Lennakatten kwa mpangilio, Bärby, Gunsta, Marielund, Selknä, Länna, Almunge, anavitaja kama sala. Akauliza, "Baba, reli ya babu mkubwa ina mikebe?" Nikamwambia haina. "Kwa nini?" Sikutaka kumjibu kwa sentensi ya binamu. Nilimwambia bado hajapatikana mlezi. Hilo ndilo jibu la kweli, na ni jibu linaloweza kubadilika. "Kwetu usingelala" haibadiliki, ni hukumu ya kifungo cha maisha.

Kwa hiyo binamu, sikudai uniombe radhi. Nakudai kazi, na wewe ndiye unayeishi karibu.

Chukua daftari la shule na kalamu mbili. Nenda kwa wazee wa reli waliobaki Muheza na Korogwe, unawajua, wengine tunawaita babu mpaka leo. Waulize genge lao lilikuwa na kipande gani, lilianzia wapi likaishia wapi, mnyapara alikuwa nani, palipokuwa na kibanda pana nini sasa. Andika majina. Usingoje, wazee hawa hawana muda wa kutusubiri tumalize kucheka. Kisha panda Sigi na vijana wawili watatu, ombeni ruhusa kwa watu wa hifadhi, muulize tuta la reli ya zamani lilipita wapi, mtembee, mpige picha na kuandika. Mkitaka kuweka na mkebe, uwekeni kwa ruhusa yao, mbali na njia ya treni yoyote inayotembea, na uandikwe nje kwa Kiswahili kilicho wazi kwamba ni mchezo, mtu asije akadhani ni bomu au uchawi. Maana uchawi ndiyo kufuli yetu ya kienyeji, tehe tehe!

Utaibiwa? Huenda. Mkebe ni kopo la siagi na penseli, tutaweka mwingine. Wa pili ukiibiwa tutaweka wa tatu. Huku wanafanya hivyo hivyo.

Na wale kumi na mmoja wa dole gumba, ninyi nawapa kazi nyepesi: kila mmoja anitajie kituo kimoja cha reli kati ya Tanga na Mombo, na mtu mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kufanya kazi hapo. Bila kumwuliza Google. Asiyejua amwulize mama yake.

Mkebe nitaununua mimi, hilo niachieni. Ila kwenye fomu kuna mstari unaouliza jina la mlezi, na kwa kanuni haliwezi kuwa langu. Binamu, mstari uko wazi, nasubiri jina.

Wasalaam,
Mbeba boksi wenu, Stockholm